Jicho na Godoro Lake la Damu

Kabla hatujaanza, tafadhali chukua karatasi moja ya kawaida ya kuandikia. Ikunje katikati, ikunje tena, kisha ikunje mara ya tatu. Sasa unazo tabaka nane za karatasi. Iweke karibu nawe, maana tutaihitaji.

Somo letu la leo laanza na watu wawili. Siwataji majina, kwa sababu si watu fulani ninaowajua mimi. Ni mfano tu wa wagonjwa wanaofika kwa daktari wa macho katika nchi mbalimbali, nao husema maneno yale yale.

Wa kwanza ni fundi cherehani, mwanamume wa miaka 38. Siku moja alipokuwa akikata kitambaa cheupe, aliona doa la kijivu katikati ya kitambaa. Alilifuta kwa kidole, lisifutike. Alipotazama ukutani, doa nalo likahamia ukutani. Akafumba jicho la kulia, doa halipo. Akafumba la kushoto, doa limerudi. Basi akajua kwamba doa halimo katika kitambaa, bali limo katika jicho lake la kulia. Tena ule mstari aliouchora kwa chaki na rula ulionekana kwake umepinda kama njia ya nyoka. Jicho haliumi, si jekundu, wala halitoi tongo.

Wa pili ni mama wa miaka 30. Yeye alianza kwa kuumwa kichwa siku kadhaa, shingo ikakakamaa, na masikio yakawa yanavuma. Akadhani ni mafua makali. Kisha macho yote mawili yakaingia ukungu, na kwa muda wa siku mbili tatu tu akawa hawezi kumtambua mtu aliyesimama mlangoni.

Daktari akichungulia ndani ya macho ya watu hawa wawili, huona jambo moja kwa wote: maji yamekusanyika chini ya retina, yaani chini ya utando ule wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Maji yameuinua utando huo, kama vile rangi ya ukuta inavyovimba pale ukuta uliponyonya maji ya mvua.

Sasa ipo dawa moja mashuhuri ya kutuliza uvimbe mwilini, nayo ni jamii ya kotizoni, ambayo madaktari huiita steroidi. Prednisoloni ni mojawapo. Yule mama asipopewa steroidi mapema, tena kwa wingi, aweza kupoteza sehemu kubwa ya nuru ya macho yake. Lakini fundi cherehani akipewa dawa hiyo hiyo, maji huweza kuzidi, na doa lake likakaa miezi mingi zaidi. Huenda hata ikawa ni dawa hiyo, aliyoitumia kwa ajili ya pumu au maumivu ya viungo, iliyomletea doa hapo mwanzo. Tazama basi shida ya daktari: maji yako mahali pamoja, dawa ni moja, lakini mmoja inamwokoa na mwingine inamdhuru.

Atawatenganishaje? Kwanza kwa kuwahoji vizuri, na hili nalitaja mapema kwa sababu hakuna mashine inayolishinda. Pili, siku hizi, kwa kupima unene wa sehemu ya jicho ambayo kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuipima katika mtu aliye hai. Sehemu hiyo huitwa koroidi, nayo ndiyo habari yetu ya leo.

Ili kuielewa koroidi, twende jikoni. Chukua nazi iliyokomaa, uivunje. Nje pana kifuu kigumu. Ndani pana nyama nyeupe, na ndani kabisa pana maji. Lakini ukiibandua ile nyama utaona kwamba kati yake na kifuu pana ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, ambayo mpishi huikwangua asipotaka tui lake liwe na weusi. Jicho nalo limejengwa vivyo hivyo. Kifuu ni lile ganda gumu jeupe unaloliona ukijitazama kiooni. Nyama ya nazi ni retina. Maji ni ute mwangavu unaolijaza jicho. Na ile ngozi ya kahawia iliyo kati ya ganda na retina, hiyo ndiyo koroidi.

Hapa mfano wetu waishia, kwa sababu ngozi ya nazi ni kavu, na koroidi imejaa damu. Hakika koroidi ni mishipa ya damu mitupu, ikiwa imeshikanishwa na nyuzi nyororo na chembe hai nyeusi zinazolitia giza jicho ndani, mfano wa sanduku la kamera linavyopakwa rangi nyeusi. Upande ulio karibu na retina mishipa ni myembamba mno, imesukwa kama wavu wa dagaa. Upande wa nje ni minene zaidi, kama mirija. Damu nyingi sana hupita humo. Katika damu yote iingiayo jichoni, sehemu kubwa kabisa huenda katika koroidi, na kidogo tu huenda katika retina yenyewe.

Kwa nini retina ipite na kidogo na jirani yake apewe kingi? Fikiri shamba la mpunga linalopata maji kutoka pande mbili. Nusu ya ndani ya retina hunywa kutoka katika mishipa yake yenyewe, ile ambayo daktari huiona imetandaa kama matawi. Nusu ya nje, palipo chembe hai zinazoukamata mwanga, haina mshipa hata mmoja. Hiyo hunywa kutoka chini, kutoka katika koroidi. Na pale katikati, katika kitovu cha retina, mahali tunapotumia kwa kusoma na kwa kutunga uzi katika tundu la sindano, hapana mishipa ya retina kabisa. Pale hutegemea koroidi peke yake. Kwa hiyo lolote liipatalo koroidi chini ya kitovu hicho, fundi cherehani atalijua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kati ya koroidi na retina ipo safu moja ya chembe hai nyeusi. Kazi yake ni kama ya bawabu na ya pampu pia: huruhusu chakula kiingie, na huyasukuma maji yarudi nje. Koroidi ikijaa kupita kiasi, mishipa ikatanuka na kuvuja, pampu hii hulemewa. Maji hupenya na kutuama chini ya retina. Nadhani sasa waona kwa nini daktari angependa kujua kama godoro hili la damu limevimba, na limevimba kiasi gani.

Lakini kujua ni kwa njia gani? Mwaka 1851 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, aliandika habari za chombo alichokibuni cha kuchungulia nyuma ya jicho. Chombo hicho kilileta mapinduzi makubwa katika uganga wa macho. Mwaka 1866 mwenzake Albrecht von Graefe akaeleza ugonjwa unaofanana na ule wa fundi wetu, wa maji kurudi tena na tena katikati ya retina. Lakini koroidi yenyewe ilibaki imejificha nyuma ya ile safu nyeusi. Mwaka 1961 Harold Novotny na David Alvis, huko Indiana katika Marekani, wakatangaza njia ya kutia rangi iitwayo fluoreseini katika mshipa wa mkono na kuipiga picha ikipita jichoni. Mishipa ya retina ilionekana wazi ajabu. Koroidi ilionekana kama ukungu tu, kwa sababu rangi ile huvuja upesi kutoka katika mishipa yake myembamba. Baadaye ikaja rangi nyingine ya kijani, indosianini, isiyovuja sana, nayo ikaonyesha mishipa ya koroidi yenyewe. Hata hivyo picha ya juu hukuonyesha njia za damu; haikuambii unene.

Vitabu navyo vilitaja unene, lakini kipimo chao kilitoka katika macho ya maiti. Mtu akifa damu hutoka katika koroidi, nayo hunywea kama puto lililotobolewa. Kupima koroidi ya maiti ni kama kupima kina cha mto wakati wa kiangazi na kusema ndio mto ulivyo.

Njia ilifunguka mwaka 1991. Kundi la wataalamu wa Massachusetts, ambamo walikuwamo David Huang na James Fujimoto, lilitangaza mashine ya kukata picha za retina kwa mwanga, bila kisu na bila kuligusa jicho. Wengi huiita kwa herufi zake tatu, OCT. Kazi yake yafanana na ya nahodha anayepima kina cha bahari kwa mwangwi. Hupeleka sauti chini, husubiri irudi, na kwa muda uliopita hujua kina. Ila mwanga huenda kilomita laki tatu kwa sekunde moja, na hapana saa iwezayo kupima muda wa kwenda na kurudi katika jicho. Kwa hiyo mashine huugawa mwanga mara mbili. Nusu moja huenda jichoni, nusu ya pili huenda katika kioo ambacho umbali wake wajulikana. Zikirudi hukutanishwa, na kwa jinsi zinavyolingana au kupishana, mashine hujua kila tabaka liko umbali gani. Mgonjwa hukaa tu, kidevu kikiwa juu ya kiegemeo, akatazama alama ndogo. Haumwi na wala hadungwi sindano.

Walakini hata mashine hiyo ilishindwa na koroidi kwa miaka mingi. Ile safu nyeusi na damu yenyewe hutawanya mwanga, na sehemu ya chini ya picha ilikuwa giza. Mwaka 2008 daktari Richard Spaide wa New York na wenzake wakatoa hila ambayo huniburudisha kila nikiifikiri kwa ajili ya wepesi wake. Mashine hizi huona vizuri zaidi karibu na ukingo mmoja wa picha kuliko karibu na ukingo wa pili. Retina ilikuwa imewekwa upande wa kuona vizuri. Wao wakaisogeza mashine karibu zaidi na jicho, picha ikapinduka juu chini, na koroidi ikaja upande ule mzuri. Wakachukua picha nyingi za mahali pamoja, wakazichanganya ziwe moja ili chengachenga zifutike. Chini ya kitovu cha retina, koroidi ikaonekana yote, tangu juu hata ganda jeupe. Hawakuhitaji mashine mpya. Waliisogeza tu ile waliyokuwa nayo. Baada ya hapo zikaenea mashine za kutumia mwanga wa mawimbi marefu zaidi, usioonekana sana kwa jicho, ambao hupenya kwa urahisi zaidi.

Sasa chukua ile karatasi yako.

Tabaka moja ya karatasi ya kawaida ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Madaktari hupima kwa mikroni, na mikroni 1,000 ni milimita moja. Kwa hiyo karatasi moja ni mikroni 100. Mwaka 2009 Spaide na mwenzake Ron Margolis walipima macho 54 yasiyo na ugonjwa, ya watu ambao kwa wastani walikuwa na miaka 50 hivi. Unene wa koroidi chini ya kitovu ulikuwa wastani wa mikroni 287. Hesabu kwa kidole: ni pungufu kidogo ya tabaka tatu za karatasi yako. Mwaka huo huo ilipimwa koroidi ya watu wenye ugonjwa wa fundi wetu, na wastani ulikuwa mikroni 505. Hizo ni tabaka tano. Na mwaka 2011 madaktari wa Japani walitangaza vipimo vya wagonjwa wachache wenye ugonjwa wa yule mama, kabla ya kutibiwa: mikroni 805. Ndizo tabaka nane ulizonazo mkononi. Bonyeza kwa vidole vyako, halafu ulinganishe na tabaka tatu.

Ugonjwa wa mama huitwa Vogt-Koyanagi-Harada, kwa majina ya daktari mmoja wa Uswisi na wawili wa Japani. Ndani yake askari wa mwili hukosea, wakazishambulia chembe hai zenye rangi nyeusi. Chembe hizo zimo katika koroidi, zimo katika sikio la ndani, katika ngozi na katika nywele. Ndiyo maana masikio huvuma, na miezi kadhaa baadaye kope za wengine hugeuka nyeupe na ngozi hupata mabaka. Huonekana zaidi Japani, India, nchi za Mashariki ya Kati na kwa wenyeji wa asili wa Amerika, na ni nadra kwa Waafrika weusi wa kusini ya Sahara. Huku kwetu daktari aonapo koroidi iliyovimba hivyo hana budi kufikiri pia juu ya kifua kikuu na kaswende, kwa sababu hayo huweza kujigeuza sura ya magonjwa mengi, na kumpa mgonjwa steroidi peke yake bila kuyapima ni kumpa adui nafasi.

Basi je, yatosha kusema tano ni fundi na nane ni mama? La. Hapa naomba usikilize kwa makini, maana namba ni kitu kinachopendwa kuaminiwa kupita kiasi.

Koroidi za watu wazima wenye afya hazilingani hata kidogo. Mmoja ana mikroni 200, jirani yake ana 400, na wote wawili wanaona vizuri. Umri hupunguza, katika vile vipimo vya mwaka 2009, kila miaka kumi ya umri iliondoa mikroni 15 au 16 hivi. Urefu wa jicho nao hupunguza zaidi. Wale wasioona mbali, wavaao miwani mizito, macho yao ni marefu, na koroidi imevutwa ikawa nyembamba kama chapati iliyosukumwa mno. Kwa watu wa namna hiyo, wenye kasoro kubwa sana, ulipatikana wastani wa mikroni 93, yaani chini ya tabaka moja ya karatasi. Mtu kama huyo akipimwa akaonekana ana 250, daktari asiyeuliza nambari ya miwani atasema yu salama, kumbe kwake hiyo ni koroidi iliyovimba mno.

Tena koroidi si ukuta wa mawe. Ni damu, na damu haikai kimya. Kwa watu wengi huwa nene usiku wa manane na alfajiri, ikapungua kadiri mchana unavyokwenda, hata ikawa nyembamba jioni. Tofauti yaweza kufikia mikroni 30 hivi, na kwa wengine ni zaidi. Kahawa huipunguza kwa saa chache. Kwa hiyo mgonjwa aliyepimwa mara ya kwanza saa mbili asubuhi, na mara ya pili saa kumi na moja jioni baada ya kahawa vikombe viwili, aweza kuambiwa kwamba dawa imemfaa, na kumbe ni jua tu lililokuwa likielekea kuchwa.

Na yuko mpimaji mwenyewe. Ukingo wa chini wa koroidi, unapokutana na ganda jeupe, hauonekani kama mstari wa wino. Ni kama ukingo wa maji ufukweni. Watu wawili wakitakiwa kuuchora, kila mmoja atachora pake. Kwa wagonjwa walio kama yule mama siku za kwanza, mara nyingi ukingo huo hauonekani kabisa kwa sababu ya uvimbe, na namba inayotolewa ni ya kukadiria.

Kwa sababu hizo, thamani ya kipimo haimo sana katika namba ya siku moja. Imo katika kulinganisha: jicho hili na mwenzake, na jicho hili hili leo na juma lijalo, kwa mashine ile ile, saa ile ile, mahali pale pale. Na hapo ndipo wagonjwa wetu wawili wanapoachana njia.

Mama akipewa steroidi nyingi kwa mshipa, koroidi yake hunywea mbele ya macho ya daktari. Katika wale wagonjwa wa Japani, kutoka 805 ilifika 524 baada ya siku tatu, na 341 baada ya majuma mawili. Hakuna mshangao mdogo hapo. Hizo ni tabaka nane, halafu tano, halafu tatu na kitu, katika majuma mawili. Kisha vidonge hupunguzwa polepole kwa miezi. Wakati huo mgonjwa huwa anaona vizuri na kuchoka na dawa, naye husema, "Daktari, nimepona, niache." Hapo mashine huwa shahidi. Koroidi ikianza kunenepa tena, hata kama mgonjwa haoni kasoro yoyote, ni ishara kwamba moto ungali chini ya majivu na dawa inapunguzwa upesi mno.

Fundi naye hupimwa macho yote mawili, na mara nyingi lile jicho lake zima nalo huonekana lina koroidi nene, ingawa halina doa. Mirija ya upande wa nje huonekana imetanuka. Kwanza huulizwa juu ya steroidi. Kisha mara nyingi husubiriwa miezi mitatu au minne, kwa kuwa maji ya wengi huondoka yenyewe. Yasipoondoka, zamani alipigwa miale ya leza juu ya tundu linalovuja. Njia nyingine ni kumtia mshipani dawa iitwayo vateporfini na kuiamsha kwa mwanga baridi unaoelekezwa mahali pale. Mwaka 2010 vipimo vilionyesha tofauti ya njia hizo mbili. Waliopigwa leza, maji yao yalikauka lakini koroidi ikabaki nene kama ilivyokuwa. Waliotiwa vateporfini, koroidi ilivimba zaidi siku mbili za kwanza, halafu ikapungua kutoka wastani wa 389 hata 330 katika majuma manne. Leza iliziba tundu la bomba. Ile nyingine ilipunguza nguvu ya maji katika bomba lenyewe. Bila kipimo, madaktari wasingejua kwamba wanafanya kazi mbili mbalimbali.

Nimebakiwa na dakika chache, nami nataka kutaja kipimo kingine kilichokuja baadaye. Godoro mbili zaweza kuwa na unene mmoja, moja ya pamba na nyingine ya majani. Koroidi nayo yaweza kuwa nene kwa sababu ya damu, au kwa sababu ya nyama iliyo kati ya mishipa. Mwaka 2014 Shozo Sonoda na wenzake wa Japani walitangaza njia ya kuigeuza picha ya OCT iwe nyeusi na nyeupe tupu kwa hesabu ya kompyuta: nyeusi ni matundu ya mishipa, nyeupe ni nyama. Mwaka 2016 Rupesh Agrawal na wenzake huko Singapore waliwapima hivyo watu wengi wenye macho mazima, wakaona kwamba mishipa huchukua kama sehemu 65 katika 100 za koroidi. Jambo zuri ni kwamba hesabu hii haiyumbi sana kati ya mtu na mtu kama unene unavyoyumba. Kwa wagonjwa wa kisukari hesabu hiyo imeonekana kushuka kidogo hata pale ambapo unene haukuonyesha tofauti. Bado si kipimo cha kumwamulia mgonjwa dawa peke yake. Picha yenye giza, au mashine nyingine, hubadili jibu.

Mashine hizi ni ghali, na kwa kawaida utazikuta katika hospitali kubwa za mijini. Ukipelekwa kupimwa, uliza saa uliyopimwa na uiandike, ili mara ya pili uende saa hiyo hiyo. Mwambie daktari kila dawa unayotumia yenye steroidi, si vidonge tu: taja ya kuvuta kwa ajili ya pumu, ya kupuliza puani, sindano uliyodungwa katika goti, na mafuta ya kupaka. Baadhi ya mafuta ya kujichubua ngozi, yale yanayoitwa mkorogo, huwa na steroidi ndani yake, na anayeyapaka huona haya kusema. Sema. Ila usiziache dawa hizo ghafula kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa maana aliyezitumia muda mrefu akiziacha siku moja aweza kuhatarisha maisha yake. Mwache daktari azipunguze kwa utaratibu.

Na jioni ya leo, kabla ya kulala, fumba jicho moja na utazame mlingoti au ukingo wa mlango, kisha fumba la pili. Kama ukingo umepinda kwa jicho moja na kunyooka kwa jingine, usingoje liume. Nenda ukaonwe.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazungumza juu ya lenzi ya jicho na mtoto wa jicho. Karatasi yako waweza kuikunjua sasa. Kwaherini.